Civita Kabla ya Tiketi

Wazee wa Civita di Bagnoregio, huko Italia, hawakuhitaji mtaalamu wa miamba awaeleze kwa nini kijiji chao kinapungua. Juu kuna tufo, mwamba mwepesi wa kahawia uliotokana na majivu ya volkano za upande wa ziwa Bolsena, yaliyoganda zamani sana. Chini ya tufo kuna udongo wa mfinyanzi ambao hapo kale ulikuwa sakafu ya bahari. Mvua ikinyesha, udongo unalainika na kuteremka. Tufo ikikosa pa kukalia inapasuka, inaanguka pande moja baada ya jingine, na kama juu yake palikuwa na jiko la mtu, jiko nalo linakwenda. Chini bondeni vinapita vijito viwili, Rio Chiaro na Rio Torbido, kimoja cha maji maangavu na kingine cha tope, na vyote viwili havijaacha kuila miguu ya kilima tangu Waetruski, watu wa kale wa eneo hilo, walipopanda huko yapata miaka 2,500 iliyopita na kuchonga njia yao ndani ya jiwe.

Nilikiona kijiji hicho kwa mara ya kwanza mwaka 1987. Nilikuwa Perugia, kwenye Chuo Kikuu cha Wageni, nikijifunza Kiitaliano darasa moja na Wagiriki, Wairani na Wapalestina, na mwalimu wetu mmoja alikuwa na kawaida ya kutuambia, kila Ijumaa, mahali pa kwenda Jumapili. Kuhusu Civita alisema maneno machache tu: nendeni haraka. Tukapanda treni hadi Orvieto, tukapanda basi la buluu hadi Bagnoregio, kisha tukatembea kuupita mji wote wa Bagnoregio, na maduka yake yaliyofungwa kwa ajili ya chakula cha mchana, hadi nyumba zikaisha na tukafika kwenye ukingo.

Nimeshajaribu kuwaelezea watu nilichokiona pale ukingoni, na bado sijaridhika na maelezo yangu. Mbele yako bonde linafunguka, pana, limejaa migongo ya udongo mweupe isiyo na mti wala nyasi, imekwaruzwa na mvua mpaka imekuwa mikali kwa juu. Waitaliano huiita calanchi. Katikati ya bonde hilo limebaki jiwe moja limesimama peke yake, kuta zake zimekatika wima, na juu ya jiwe kuna nyumba, nyumba zinazogusa ukingo kabisa, na mnara mmoja wa kanisa. Zamani palikuwa na mgongo wa ardhi uliokiunganisha kijiji na Bagnoregio. Mgongo ule ukaporomoka kidogo kidogo, karne baada ya karne. Kilichobaki kuviunganisha ni daraja.

Daraja hilo lilijengwa mwaka 1965, la zege tupu, la waenda kwa miguu, urefu wake kama mita 300. Linaanza kwa upole, halafu mwishoni linapanda ghafla, na hapo mgeni hujikuta ameshika reli na kuukumbuka umri wake. Upepo wa bondeni haumheshimu mtu. Siku ile tulipishana na watu wawili tu, mzee na kijana wake, wanasukuma pikipiki iliyofungwa mtungi wa gesi. Walitusalimia bila kusimama, maana ukisimama kwenye mwinuko ule na mtungi wa gesi, kuanza tena ni kazi.

Kabla ya daraja la zege palikuwa na jingine, ambalo wanajeshi wa Kijerumani walililipua wakati wakirudi nyuma mwaka 1944. Basi kwa miaka mingi baada ya vita watu wa Civita walipanda na kushuka kwa njia za udongo, wao na punda wao, na mwanamke aliyenisimulia hayo hakuyasimulia kwa huzuni hata kidogo. Alikuwa bibi wa miaka sabini na kitu, mfupi, mwenye aproni ya maua madogo, na tulimkuta amekaa kwenye ngazi ya nje ya nyumba yake, ngazi ya mawe iliyokwanguka katikati kwa miguu ya vizazi. "Cherehani yangu," alisema, "ilipanda hapa mgongoni kwa punda. Nusu ya njia punda akakaa chini. Akakataa. Mume wangu akamsihi, akamtukana, akamwimbia. Mwisho akaibeba cherehani yeye, na punda akamfuata nyuma mikono mitupu." Alicheka mpaka akafuta macho. Punda hana mikono, lakini ndivyo alivyosema.

Kijiji chenyewe hukimaliza kwa miguu kabla chai haijapoa. Unaingia kwa lango la Santa Maria, ambalo njia yake ni ileile iliyochongwa na Waetruski, na juu ya lango kuna simba wawili wa mawe wanaobana vichwa vya watu kwa makucha yao. Vichwa hivyo ni vya Monaldeschi, watawala kutoka Orvieto, ambao watu wa hapa waliwatimua mwaka 1457. Wakulima waliowahi kunyanyaswa hawakusahau kuchonga. Ukishapita lango, kushoto kwako unaona ukuta wa jumba la fahari, una madirisha mazuri ya mawe ya kuchongwa, na ukichungulia kwenye dirisha unaona mawingu. Jumba lilishaanguka bondeni, umebaki uso. Kisha unafika uwanjani. Uwanja wa Civita hauna lami wala mawe ya kupangwa, ni changarawe na udongo, na mara mbili kwa mwaka, Juni na Septemba, punda hukimbizwa kuuzunguka katika mashindano yanayoitwa Tonna. Mbele yake limekaa kanisa la San Donato, ambalo hapo zamani lilikuwa kanisa kuu la askofu.

Siku hiyo ya mwaka 1987 uwanjani kulikuwa na paka, baiskeli nyekundu ya mtoto, na kuku mmoja aliyetoroka. Hapakuwa na kioski, hapakuwa na kadi za picha. Mwenzetu Mgiriki aliuliza choo na akaelekezwa nyumbani kwa mtu.

Yule bibi alituita ndani. Nyumba yake ilikuwa jiko, chumba, na chini ya jiko pishi la mvinyo lililochimbwa kwenye tufo, lenye ngazi zinazoteremka mpaka baridi ikakushika shingoni. Alichoma vipande vya mkate juu ya makaa, akavisugua kitunguu saumu kibichi mpaka kitunguu kikaisha mkononi, akamimina mafuta ya zeituni bila kupima, akanyunyiza chumvi. Mafuta yalikuwa ya kijani na yaliwasha kooni. Nilipomaliza aliniuliza ninatoka wapi. Nikamwambia Tanzania. Akaniuliza kama huko kuna Wakristo, kisha, kabla sijajibu, akauliza kama tunamjua Bonaventura.

Nilimjua, walau kwa jina. Bonaventura alizaliwa hapo Civita mwanzoni mwa karne ya 13, akaitwa Giovanni Fidanza. Inasimuliwa kwamba alipokuwa mtoto aliugua sana akaombewa na Fransisko wa Assisi, akapona. Akaja kuwa mkuu wa shirika la Wafransisko na mmoja wa wanateolojia wakubwa wa Kanisa, akafariki mwaka 1274 akiwa kwenye mtaguso wa Lyon. Nyumba aliyozaliwa ilikuwa ukingoni, na ukingo haukujali kwamba ni ya mtakatifu. Sehemu yake kubwa iliteremka bondeni zamani. Hata mkono wake, uliohifadhiwa kama masalia ndani ya kasha la madini ya fedha, hauko Civita. Uko Bagnoregio, kwenye kanisa kuu la huko. Nikamwambia bibi kwamba shuleni Morogoro nilikaa dawati moja na Bonaventura, na kwamba kwetu, kwenye familia za Kikatoliki, jina hilo si geni.

"Basi ameanguka mbali," akasema.

Alinionyesha na ukuta wa nyuma wa jiko, ule ulioelekea bondeni. Ulikuwa na ufa wa kuingia kidole. Mtu alikuwa amebandika kipande chembamba cha kioo kwa plasta, kikiuvuka ufa kutoka upande hadi upande, na kwenye plasta akaandika tarehe kwa ncha ya msumari. Kioo kikikatika, ujue ukuta umetembea. Kilikuwa kimekatika. Chini yake palikuwa na cha pili, chenye tarehe ya karibuni zaidi, nacho kimekatika. Cha tatu kilikuwa kizima, na juu yake bibi alikuwa ametundika chujio la tambi. Sikujua niseme nini, na yeye hakuonekana kutarajia neno. Kilichomkera zaidi kuliko ufa ulikuwa mtini. Shina lilikuwa kwa jirani, matawi yakainamia kwake, na kwa miaka isiyohesabika wanawake wale wawili waligombania tini: zilizoanguka ni za nani, za kwenye tawi ni za nani, na nani alipanda ngazi usiku wa kuamkia sikukuu akachuma zote. Jirani alikuwa upande wa pili wa ukuta, anasikia kila neno, na mara mbili alijibu.

Nilirudi mara nyingi miaka ile ya masomo, na baadaye nilipokuwa nikifanya kazi ya tafsiri Roma. Kila niliporudi watu walikuwa wamepungua. Si kwamba walikuwa wanaanguka na nyumba zao. Hilo hupendwa na waandishi wa habari. Walikuwa wanakufa kwa uzee, au wanahamia kwa watoto wao Bagnoregio, Viterbo, Roma, mahali penye lifti. Pigo la kwanza kubwa lilikuwa tetemeko la mwaka 1695, ambalo liliangusha sehemu kubwa ya kijiji na kumfanya askofu na ofisi zake wahamie ng'ambo, na mahali askofu anapohamia, mawakili na wenye fedha hufuata. Waliobaki Civita ni wakulima. Wengi walilima mashamba ya watu kwa mkataba wa mezzadria, wa kugawana mavuno na mwenye ardhi, na mwaka 1964 sheria ilipokataza mikataba mipya ya aina hiyo, vijana hawakusubiri waambiwe. Viwanda vya kaskazini vilikuwa vinataka mikono. Mwaka uliofuata daraja jipya likakamilika, likawa limefika wakati mwafaka wa kuwawezesha watu kuondoka bila kuchafua viatu.

Jina ambalo kijiji kinajulikana nalo, mji unaokufa, wenyeji walipewa na mwana wao, mwandishi Bonaventura Tecchi, aliyezaliwa Bagnoregio mwaka 1896. Najua alilitamka kwa uchungu. Leo limechapwa kwenye sumaku za kubandika kwenye jokofu.

Kulikuwa pia na wageni wa mapema, na haki yao lazima waipate. Astra Zarina, msanifu majengo aliyezaliwa Riga na kufundisha Chuo Kikuu cha Washington huko Seattle, alianza kununua na kukarabati nyumba Civita miaka ambayo wenyeji waliona hiyo ni namna fulani ya ukichaa wa kistaarabu. Kuanzia mwaka 1976 alileta wanafunzi wake waje kuishi kijijini, wapime kuta, wachore, wale kwenye meza za wenyeji. Alifariki hapohapo mwaka 2008. Nyumba alizoziokoa zimesimama, na ukizitazama hujui palipoishia fundi wa karne ya 16 na palipoanzia fundi wake. Hilo ndilo nililolipenda kwake. Waliokuja baada yake na fedha nyingi zaidi waliweka taa za kumulika mawe kutoka chini kwenda juu, kama vile jiwe linafanyiwa mahojiano.

Kisha nikahama, maisha yakanipeleka kwingine, na nikapitisha miaka mingi bila kuvuka lile daraja. Habari zilinifikia kwa vipande. Mwaka 2013 nikasikia kwamba manispaa imeanza kutoza kiingilio cha euro 1.50. Nilidhani ni mzaha. Kutoza watu waingie kijijini! Kufikia sasa bei ni euro 5, na mwaka 2024 Venice nayo ikaanza kutoza wageni wa kutwa kiasi hichohicho katika siku za msongamano, kwa hiyo mzaha umekuwa sera. Tena tiketi haikuwapunguza watu. Iliwaongeza. Karibu mwaka 2010 Civita ilipata wageni kama 40,000 kwa mwaka. Mwaka 2017 walikadiriwa kuwa 850,000. Inaelekea mtu akiambiwa mahali pana mlango na bei, hushawishika kwamba ndani kuna kitu. Wakazi wa kudumu, muda wote huo, ni kama kumi.

Niliporudi ilikuwa mwezi wa Mei, siku ya sikukuu, na nilistahili kilichonipata kwa kuchagua sikukuu. Foleni ilianzia kwenye kibanda cha tiketi. Darajani hatukutembea, tulisogea. Mbele yangu msichana alikuwa amesimama kwenye ule mwinuko wa mwisho, amegeuza mgongo kwa kijiji ili kijiji kimtokee nyuma ya kichwa, na rafiki yake akimwelekeza asogee kushoto. Upepo ulikuwa uleule. Vigari vidogo vya magurudumu matatu vilikuwa vikipandisha maboksi ya mvinyo na mashuka safi huku vikipiga honi, vigari vya Piaggio, ambavyo ni ndugu wa damu wa bajaji zetu, kwa kuwa Wahindi wa Bajaj walianza kwa leseni ya Waitaliano hao. Nilijikuta nakipenda kile kigari kuliko kitu kingine chochote darajani.

Simba wapo, na vichwa vya Monaldeschi bado vinabanwa. Dirisha la jumba lililoanguka bado linafunguka kwa mawingu, ila sasa kuna watu wanaopanga mstari ili wapigwe picha wakilichungulia. Uwanjani, palipokuwa na yule kuku, meza zimejaa. Nilihesabu milango iliyokuwa wazi kwenye barabara kuu na nikajaribu kutafuta mmoja wenye pazia la nyumbani, kamba ya nguo, harufu ya kitunguu kinachokaangwa na mtu atakayekila mwenyewe. Kila mlango ulikuwa unauza. Mikahawa inauza mkate ule wa kuchomwa wenye mafuta ya zeituni. Ni mzuri, nakubali, na mafuta bado yanawasha.

Hapa msomaji atatarajia nilaani. Ningelaani kwa moyo wote, kama isingekuwa kwa mambo mawili matatu yanayonizuia. Fedha za kiingilio ziliiwezesha manispaa ya Bagnoregio, yenye watu elfu tatu na mia kadhaa, kujigamba kwamba imewaondolea wakazi wake kodi za mji, jambo ambalo Mwitaliano akisikia huomba kurudiwa. Vijana wa Bagnoregio, ambao wenzao wa mwaka 1987 walikuwa kwenye basi lile la buluu na masanduku yao, wamepata kazi kwao. Mwaka 2012 jumba la Alemanni lilifunguliwa kuwa makumbusho ya jiolojia na maporomoko, na ni makumbusho ya maana: unaonyeshwa kwa michoro jinsi udongo unavyonyonya maji, jinsi tufo inavyopasuka, na jinsi wahandisi wanavyopigilia nondo ndani ya mwamba kuushikamanisha. Na mwaka 2015, serikali ya mkoa wa Lazio ilipoanzisha wito wa kukiokoa kijiji, waliotia saini ni watu kama mwandishi Umberto Eco. Katika enzi zile tulizokuwa tukizipenda sisi wa mkate na paka, hakuna aliyetia saini kitu.

Yule bibi aliwahi kunigusa hapo. Ilikuwa miaka michache baada ya siku ile ya kwanza, nimekuja na rafiki zangu wengine, nao wamesimama wanatazama kwa unyenyekevu. Aliwatazama pia, kisha akanivuta pembeni. "Mwanangu, mbona wanatembea kama wako msibani? Mimi bado nipo. Waambie wapige kelele kidogo."

Kelele zimekuja. Nadhani zingemfurahisha kwa wiki nzima, kisha angefunga dirisha.

Kitu kimoja bado kinafanyika kama zamani, na nilihakikisha nakishuhudia katika safari nyingine. Ndani ya San Donato kuna msalaba wa mbao wa karne ya 15, ambao wanasimulia kwamba katika tauni ya mwaka 1499 ulizungumza na mwanamke mcha Mungu na kumwambia kwamba maradhi yanakwisha. Ijumaa Kuu ile sanamu ya Kristo inashushwa msalabani, inalazwa kwenye machela, inapitishwa darajani usiku, na kupelekwa Bagnoregio kwa maandamano. Kanuni ya zamani inasema isiporudi Civita kabla ya saa sita ya usiku, watu wa Bagnoregio wana haki ya kubaki nayo milele. Kwa hiyo usiku huo watu wanatazama saa. Wanaharakisha kwenye mwinuko, wanahimizana kwa sauti za chini, mishumaa inazimika kwa upepo na kuwashwa tena. Kinachochekesha ni kwamba Civita imeshachukuliwa kila kitu na Bagnoregio, askofu, mkono wa mtakatifu, shule, watu, na karibu wote wanaokimbia usiku ule kumwokoa Kristo asichukuliwe na Bagnoregio watarudi kulala Bagnoregio. Na bado wanakimbia kweli. Nilimwona mwanamume mmoja akimfokea mwenzake kwa sababu amechelewa kupokezana machela, na hakuwa anaigiza.

Mwanamume huyo nilimfahamu siku iliyofuata. Ni mjukuu wa bibi. Mwaka 1987 alikuwa mtoto aliyeletwa Jumapili kula kwa nyanya yake. Nadhani ile baiskeli ya uwanjani ilikuwa yake, ingawa yeye anasema hakuwahi kuwa na baiskeli nyekundu. Bibi alifariki miaka ya tisini, kitandani, usiku, nyumba ikiwa imesimama. Sasa nyumba ni chumba cha kupangisha wageni, na mjukuu ndiye mpokeaji, mfuaji, mpishi wa kifungua kinywa na mjibu barua. Alinikaribisha ndani katikati ya kubadilisha mashuka, akaniomba nishike ncha moja ya shuka, tukalitandika pamoja.

Pishi limewekewa taa na viti. Ngazi ya nje imetiwa mkono wa chuma, kwa amri ya bima. Ukuta wa nyuma wa jiko, ambalo siku hizi ni chumba cha kulala, umeachwa bila plasta mpya, na vile vioo vitatu vipo palepale, vimezungushiwa fremu nyembamba ya mbao na kuandikiwa maelezo kwa Kiitaliano na Kiingereza.

"Wageni wanavipenda sana," alisema. "Wanavipiga picha kabla ya kitanda."

Nilisogea karibu. Cha kwanza kimekatika, cha pili kimekatika. Cha tatu kilikuwa kizima. Nikamuuliza kama amekibadilisha, maana biashara ni biashara. Akaapa kwa nyanya yake kwamba hajakigusa. Wahandisi walikuja miaka ile, wakafanya kazi yao huko chini, na tangu hapo kile kioo hakijasema kitu. "Sijui niwaambieje wageni," akasema. "Wamelipa walale kwenye mji unaokufa."

Nikamwambia yaliyokuwa moyoni, kwamba namkumbuka nyanya yake kwenye ngazi, kwamba zamani ungesikia mtu akikohoa kutoka upande wa pili wa kijiji, na kwamba nilisikitika kuona hakuna nyumba ya mtu. Alinisikiliza huku akichomeka mito kwenye foronya. Ukimya, alisema, anaupata wa kutosha: saa kumi na mbili jioni wageni wa kutwa wakishavuka daraja, na Januari mwezi mzima. Wakati wa korona alikaa majuma kadhaa akisikia mpaka saa ya kanisa ikijizungusha kabla ya kugonga. Ukimya haumpi shida. Shida ni mtini. Ulikuwa haujakatwa, akanifungulia dirisha niuone, umenenepa shina na matawi yote yameinama upande wake. Nyumba ya jirani waliinunua watu kutoka ng'ambo ya milima ya Alps, wanakuja wiki mbili mwezi Agosti, watu wazuri, wenye adabu. Mwaka wa kwanza aliwaendea na kikapu cha tini na kuanza, kwa makusudi, kubishana nao juu ya zipi ni za nani. Wakamwambia achukue zote.

"Zote!" alirudia, bado ameumia. "Nyanya yangu aligombania mti huu miaka thelathini, na mimi napewa zote. Zinaanguka, nyigu wanakula, mimi natoza watu kifungua kinywa chenye tini, basi."

Akanieleza kwamba hata hivyo huenda mambo yakabadilika, kwa sababu wale watu wazuri wamechoka na safari na nyumba inauzwa, pamoja na shina la mtini. Alinitazama kwa namna ambayo nilimwelewa kabla hajasema. Mimi, alisema, kwa jinsi anavyonijua, ningekuwa mgomvi mzuri.

Nikamuuliza bei. Akaitaja. Nikacheka, naye akacheka, tukamalizia kutandika kitanda cha pili kwa sababu wageni walikuwa wamepiga simu kutoka Orvieto.